Kimya Kina Bei Yake

Chukua mfano wa matanga pale Ekerenyo. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, na kijana wa mitambo anachomeka laptopu kwenye amplifaya ili nyimbo za kwaya zifike hadi barabarani. Kabla wimbo haujaanza, spika zinavuma: mmmmm, mzito, usiokoma, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Mzee mmoja anageuka. "Kijana, toa hiyo kelele." Kijana anajua njia mbili za kuitoa. Hapo ndipo swali langu linapoanzia, nalo si la stima tu.

Mvumo huo una asili yake. Stima ya Kenya hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Laptopu imefungwa ardhini kupitia chaja yake, amplifaya nayo kupitia plagi yake. Ukiziunganisha kwa waya wa sauti, ardhi inakuwa na njia mbili, na mkondo mdogo wa stima unazunguka humo. Amplifaya haijui kutenga mkondo huo na wimbo, inakuza vyote. Ndiyo maana ukichomoa chaja, laptopu ikabaki kwa betri, mara nyingi kelele hufa papo hapo.

Njia ya kwanza basi ni hiyo ya betri. Au uchomeke vyombo vyote kwenye ekstensheni moja. Au uweke kwenye waya wa sauti kitransfoma cha kutenganisha, sauti ipite kwa nguvu ya sumaku bila nyaya kugusana. Njia ya pili ni kufungua plagi ya amplifaya na kukata waya wa athi. Dakika mbili na koleo, basi.

Kwa masikio ya waombolezaji, kimya ni kile kile. Lakini waya wa athi hauleti sauti wala mwanga. Unangoja siku moja tu: siku waya wa moto utakapochubuka na kugusa bati la mashine, uipeleke stima ardhini mpaka fyuzi ikatike. Ukiukata, bati linabaki likingoja mkono wa mtu. Mwezi Mei 1972, mpiga gitaa Leslie Harvey kutoka Scotland alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na ardhi.

Sasa tazama nani analipa. Aliyelalamika ni mzee aliye kitini. Atakayeshika maikrofoni ni mama wa kwaya, pengine kanyeshewa njiani. Mmoja amenunua kimya, deni limeandikwa kwa jina la mwingine ambaye hata hakuulizwa. Mtu akijihatarisha mwenyewe, tunaweza kubishana. Akimhatarisha mwenzake asiyejua, tubishane nini?

Fundi ana majibu. La kwanza: "Nimekata miaka mingi na hakuna aliyekufa." Hiyo ni bahati, na bahati si kinga. La pili ni zito zaidi: "Mteja anataka kimya sasa hivi, na hataki kulipia kitransfoma." Hapo amesema kweli, na lawama haibaki kwake peke yake. Sisi tunaodai kimya bila kuuliza kimepatikanaje, koleo lile tumelishika naye.

Na kuvuma kwenyewe si dhambi. Obokano, kinanda cha Abagusii chenye nyuzi nane, kinavuma kwa kina, na kuvuma huko ndiko utamu wake. Mvumo wa spika nao ni habari: unakwambia kuna njia mbili mahali palipofaa iwe moja. Kuukatia athi ni kumziba mdomo mleta habari, habari ikabaki pale pale.

Tunafanya hivyo hata bila nyaya. Kwenye matanga hayo hayo, mjane akianza kuuliza kuhusu shamba, ataambiwa anyamaze kwa heshima ya marehemu. Boma linatulia, na wageni wanasifu utulivu. Shamba halijagawanywa, na hatari imehamia kwa asiye na sauti.

Kwa hiyo spika zikinyamaza ghafla, kabla ya kumpongeza kijana, muulize swali fupi: "Umeitoaje?"