Lugha ya Mama na Lugha ya Shule

Huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba, Mgenya ana Kigenya chake, na Mkusu ana Kikusu chake. Kiswahili kililetwa na misafara ya wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19. Kifaransa kilifuata, kikawa lugha ya shule na ya serikali.

Mfikirini kijana aliyesoma. Arudi kijijini, na bibi yake mgonjwa ampa wosia kwa lugha ya wazee. Kijana acheka, amjibu kwa Kifaransa. Bibi anyamaza. Kesho yake afariki, na wosia umekwenda naye kaburini.

Je, shule iachwe? Hasha! Elimu ni kipaji cha Mungu. Asiyejua kusoma hudhulumiwa kwa hati asiyoielewa.

Mtazameni Marko Mtakatifu. Aliandika Injili kwa Kiyunani, lugha iliyoenea nchi nyingi. Lakini katika habari za binti Yairo (Marko 5:41) aliyaweka maneno ya Bwana Yesu kwa Kiaramu, lugha ya nyumbani, kisha akaeleza maana yake. Hakuitupa hata moja.

Swali: Amri ya nne yatudai nini katika jambo hili?
Jibu: Kuwaheshimu wazazi, pamoja na maneno yao.

Basi, jioni hii kila mmoja amwombe mzee wake neno moja la kale. Aliandike daftarini, na kando yake maana kwa Kiswahili. Ndivyo alivyofanya Marko.