Sikio na Shahidi Wake

Katika ngoma ya Kisukuma pale Isaka, mpigaji akichelewa kidogo, miguu ya wachezaji humshtaki papo hapo. Kosa lake lina mashahidi.

Mtambo wa sidii nao una mapigo: vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde. Saa yake ikiyumba, vipimo huwahi au huchelewa kwa vipande vidogo mno, ambavyo bilioni moja ndiyo sekunde. Je, sikio latambua? Mwaka 2005, huko Japani, wasikilizaji wazoefu walijaribiwa kwa muziki. Myumbo wa vipande 250 hawakuutambua.

Hata hivyo, adaiye kusikia si lazima awe mwongo: jicho lililoona bei hulinong'oneza sikio. Uongo huanza pale anapokataa kujaribiwa nyuma ya pazia, huku akiwauzia wengine alichokisikia peke yake.