Shamba ni lako, je, udongo ni wa nani?

Mwambie mkulima wa mlimani kwamba kwa namna anavyolima anaiharibu ardhi. Jibu la kwanza utakalolipata mara nyingi ni fupi: "Shamba ni langu." Jibu hilo si la kupuuzwa. Mtu huyu hakuiba wala hakudhulumu. Shamba amelirithi kwa baba yake, au amelinunua kwa fedha ya halali mbele ya mashahidi na viongozi wa kijiji. Uislamu nao unaiheshimu milki ya mtu, kiasi kwamba Mtume (SAW) alionya kuwa anayepora hata shibiri moja ya ardhi ya mwenziwe atakuja kuvikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Sasa ni nani mwenye haki ya kumwambia mtu alimeje katika kilicho chake?

Wengi hudhani swali hili ni la bwana shamba. Kwa hakika ni swali la haki na dhulma, na kwa hiyo linatuhusu sote, hata sisi ambao hatujashika jembe tangu tumalize shule.

Udongo unapohama

Tuanze na tendo lenyewe. Mvua kubwa ikinyesha kwenye mteremko ulioachwa wazi, matone huipiga ardhi na kuilegeza, kisha maji yanayoteremka huubeba udongo wa juu. Udongo huo ndio wenye rutuba. Huchukua mamia ya miaka kujijenga kwa inchi moja tu, lakini waweza kuondoka katika misimu michache ya kilimo kibaya. Ukiondoka unakwenda wapi? Hufukia mimea ya jirani wa bondeni, huziba mifereji yake, na huujaza mto tope, na mto uliojaa tope hufurika upesi.

Milima ya Uluguru ni mfano mzuri. Kutoka huko hutiririka mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa na wakazi wa Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba jembe linaloshikwa vibaya Mgeta lina habari na bomba la Kariakoo.

Kwa hiyo, mwenye kusema "shamba ni langu" amesema nusu ya ukweli. Udongo uliotulia ndani ya mipaka yake ni wake. Uliokwisha kuvuka mpaka umegeuka kuwa madhara kwa mtu mwingine. Na kanuni katika dini yetu iko wazi, imetokana na hadithi iliyopokewa na Imam Malik na Ibn Majah, kwamba haifai kudhuru wala kulipizana madhara. Milki humpa mtu haki ya kunufaika. Haimpi leseni ya kumuumiza jirani.

Mtume (SAW), katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imam Bukhari, alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi, baadhi wakakaa juu na wengine chini. Wa chini walipochoka kupanda juu kuteka maji, waliona ni bora watoboe tundu katika sehemu yao, ili wasiwasumbue wenzao. Nia yao haikuwa mbaya, na mahali walipotaka kutoboa palikuwa pao. Lakini wakiachwa wote wanazama, na wakizuiliwa wote wanaokoka. Katika milima yetu mfano huo umegeuka, kwa kuwa anayetoboa ni wa juu na wa kwanza kuzama ni wa chini. Hukumu yake, hata hivyo, ni ile ile.

Nyasi na hoja ya kukosa uwezo

Hapa mkulima ana hoja ya pili, nayo ina nguvu kuliko ya kwanza. Atasema: "Nakubali, lakini sina uwezo. Kuchimba ngazi kwenye mlima mzima ni kazi ya vibarua na fedha, na mimi natafuta chakula cha leo." Allah (SW) ametufundisha kuwa haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake (2:286). Kama kuhifadhi ardhi kungehitaji mamilioni, maskini angekuwa na udhuru.

Ni katika nukta hii ndipo nyasi za vetiva zinapoingia. Asili yake ni India, ambako tangu zamani mizizi yake yenye harufu nzuri hutolewa mafuta ya uturi. Wapenda manukato miongoni mwetu huenda wameshajipaka mafuta hayo bila kujua yametoka katika nyasi. Kwenye miaka ya 1950, John Greenfield alizitumia kuhifadhi mashamba ya miwa huko Fiji. Katika miaka ya 1980, yeye na mwenzake Richard Grimshaw wakazitangaza India kupitia Benki ya Dunia. Mwaka 1993 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichapisha kitabu kizima kuhusu nyasi hizi.

Utendaji wake ni mwepesi kueleweka. Vishina vyenye mizizi hubanduliwa kutoka kwenye shina kubwa na kupandwa kwa karibu karibu, kiasi cha sentimita 10 hadi 15, katika mstari unaokata mteremko kwa usawa. Usawa huo hupimwa kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na jiwe lililoning'inizwa kwa kamba. Baada ya msimu mmoja hadi mitatu mstari huwa ukuta wa majani. Ukuta huo hauyazibi maji. Huyapunguza kasi na kuyatawanya, ili yaache udongo nyuma ya nyasi na yapate muda wa kuzama ardhini. Miaka ikipita, udongo uliokusanyika hujenga ngazi wenyewe, bila sururu. Mizizi yake huenda chini moja kwa moja, mita tatu au zaidi ardhi ikiruhusu, badala ya kutambaa pembeni kunyang'anyana chakula na mahindi. Aina inayotumika kwa kazi hii haizai mbegu zinazoota, hivyo haigeuki kuwa magugu. Majani yake hufaa kuezekea na kutandaza shambani.

Si nyasi za miujiza. Hazipendi kivuli. Zikiwa changa zinahitaji kulindwa na mifugo, na pengo likitokea lisipozibwa maji yatapita hapo hapo kwa nguvu zaidi. Aidha, mwenye kuzing'oa kwa ajili ya mafuta huilegeza ardhi ile ile. Huko Haiti, nchi inayoongoza kwa kutoa mafuta hayo, uchimbaji wa mizizi milimani umelaumiwa kwa kuongeza mmomonyoko.

Lakini zingatia zimefanya nini katika mizani ya wajibu. Kinga ambayo zamani ilidai fedha na vibarua, sasa inadai vishina, kamba, jiwe na siku chache za familia. Udhuru unapopungua, wajibu unaongezeka. Ambaye jana alikuwa na haki ya kusema "siwezi", leo inambidi ajiulize kama kweli hawezi au hataki.

Je, mtu alazimishwe?

Wapo watakaosema kwamba kama ni wajibu, basi serikali itoe amri na asiyepanda apigwe faini. Tusiharakishe, kwani historia yetu ina mafunzo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Waliyaona ni mateso yasiyo na faida. Kazi ilikuwa kubwa, na pale udongo wa juu ulipokuwa mwembamba, uchimbaji uliufukia na kuleta juu usio na rutuba. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na mpango ukafa. Kwa miaka mingi baadaye neno "matuta" lilikuwa na uchungu.

Kondoa ni habari nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kutokana na makorongo yaliyokuwa yameila nchi ya Warangi. Mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ardhi ilipumua, majani na miti vikarudi. Lakini tuulize pia gharama ilibebwa na nani. Ilibebwa na mfugaji aliyeuza au kuhamisha ng'ombe wake, na mtoto aliyekosa maziwa. Ufugaji wa ndani ulikuja kuruhusiwa miaka kadhaa baadaye.

Sayyidna Umar (RA) alikabiliwa na jambo linalofanana na hili, kama alivyopokea Imam Malik katika Muwatta. Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji katika shamba la Muhammad bin Maslama. Huyu akakataa, ingawa maji yale yangemfaa na yeye na yasingemdhuru. Umar alijadiliana naye kwanza. Alipoendelea kukataa, ndipo akaamuru mfereji upite. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya mipaka ya hukumu hii, lakini masharti yake yanatosha kuwa mizani: anayelazimishwa awe ananufaika, asidhurike, na aelezwe kwa hoja kabla ya kulazimishwa. Uluguru ya 1955 haikutimiza hata moja. Kondoa ardhi ilinufaika, lakini sharti la kutodhurika halikutimia kwa mfugaji.

Mzigo ni wa nani?

Kwa mantiki hiyo, kabla ya kumnyooshea kidole mkulima wa mlimani, tuwaangalie wengine waliosimama nyuma yake. Yupo mwenye shamba anayelikodisha msimu kwa msimu. Mkodishwaji anajua mwakani huenda asiwepo, atapanda ukuta wa nyasi kwa ajili ya nani? Hapo dhima ni ya mwenye shamba, kwa kuwa ndiye atakayevuna ngazi baada ya miaka mitano. Yupo pia mkaazi wa mjini anayelaani tope bombani lakini hajawahi kujiuliza anamdai nani na anadaiwa na nani. Katika miaka ya 2000 ulifanyika mradi wa majaribio Uluguru wa kuwalipa wakulima wanaotunza ardhi kwenye vyanzo vya Ruvu. Wazo lile lilikuwa la haki: anayenufaika chini amchangie anayefanya kazi juu.

Kwa upande wetu Waislamu, yapo tunayoweza kuanza bila kusubiri mfadhili. Misikiti na madrasa nyingi vijijini zina mashamba ya waqfu, na baadhi yako kwenye miteremko. Shamba la waqfu linalomomonyoka ni amana inayopotea mikononi mwetu. Kamati ya msikiti ipande mistari miwili mitatu ya vetiva na iweke kitalu kidogo pembeni. Shina moja likikomaa hutoa vishina vingi, na kila jirani anayechukua chake hupeleka kinga shambani kwake na kwa aliye chini yake.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mmea, anachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikwa kuwa sadaka yake. Akatufundisha pia kuwa hata Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Ukuta wa nyasi hauleti matunda ya kuliwa. Unachofanya ni kuzuia kitu kisiondoke, na faida yake kubwa humwendea jirani wa bondeni na mtoto ambaye hajazaliwa, ambao huenda wasijue kamwe ni nani aliyeupanda. Anayejua ni Allah (SW), na kwa mwenye kuamini Siku ya Mwisho, hilo linatosha.

Wabillahi tawfiq.