Mgeni Rasmi Asichokisema

Msimu wa mahafali ukifika, hotuba ya mgeni rasmi unaijua kabla hajashika kipaza sauti. Alitembea pekupeku kwenda shule, akasomea kibatari, na leo kavaa tai kwa sababu ya juhudi. "Na ninyi mkijituma mtafika." Vigelegele. Anaahidi mifuko ya saruji, anaondoka.

Sina ugomvi na juhudi zake. Nagombana na sehemu ya hadithi anayoiruka. Ada ya sekondari ilifutwa Tanganyika mwaka 1964, ikaja kurudishwa katikati ya miaka ya 1980. Sisi tuliosoma katika kipindi hicho tulipanda treni kwa waranti ya serikali, tukalala bwenini na kula ugali na maharage ya umma. Ukimaliza chuo, ulipangiwa kazi. Hakuna aliyekuuliza unamfahamu nani.

Nisiipambe enzi hiyo. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na wenzetu wengi wenye akili kutuzidi waliishia darasa la saba, wasichana wakitangulia. Lakini aliyepenya alishikwa mkono mpaka mwisho.

Siku hizi mlango ni mpana. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001, ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Shule za kata, tunazopenda kuzicheka, zimewafikisha sekondari watoto wa wakulima ambao zamani wasingefika. Kizingiti kimehamia mbele, baada ya cheti.

Mtazame kijana anayemaliza shahada leo. Nafasi zinatangazwa kwa sharti la uzoefu wa miaka mitatu, kwa hiyo anaanza kujitolea: anafika ofisini asubuhi, anatoka jioni, halipwi. Mtoto wa Sinza anaweza. Analala kwao, anakula kwa mama, nauli anapewa na baba. Mwenzake, binti aliyetoka kijijini Mpanda, pengine mwenye alama nzuri kuliko yeye, hana pa kulala Dar es Salaam. Anarudi kwao baada ya miezi michache, na huko anaambiwa vijana wa leo wanachagua kazi.

Kisha kuna koneksheni. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kwamba habari za kazi mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali, maana ndugu na marafiki wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Yule binti wa Mpanda ana wajomba tele wanaompenda na kumwombea, na wote ni wakulima wa mahindi. Nani kati yao atasikia kwamba benki fulani inatafuta mhasibu?

Tuseme wote wawili wamepata kazi, ofisi moja, mshahara mmoja. Wa Sinza alilipiwa chuo na baba yake. Wa Mpanda alisoma kwa mkopo, na tangu sheria ya Bodi ya Mikopo ilipobadilishwa mwaka 2016 anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kinachobaki kinalipa kodi ya chumba Mbagala, ada ya chuo cha mdogo wake, bati la nyumba ya mama, na michango ya misiba ambayo haina ratiba. Miaka kumi baadaye mmoja ana kiwanja na msingi umeshapanda. Mwingine bado amepanga. Hapo ndipo watu wanaposema huyu hajui kutunza fedha! Amezitunza sana, ila amewatunzia watu saba. Bila yeye wadogo zake wasingesoma, na hakuna hesabu ya mafanikio inayomwandikia alama kwa hilo.

Kwa hiyo nikiulizwa nini humwinua mtu, juhudi naitaja, lakini sianzi nayo. Naanza na nani alilipa nauli.

Wewe msomaji mwenye ofisi, yupo kijana hapo kwako anayejitolea. Mwezi huu mlipe nauli na chakula cha mchana. Na nafasi ikipatikana, itangaze hadharani kabla hujampigia simu rafiki yako.