Kubisha Baharini, Kubisha Nyumbani

Kwenye mawaidha ya harusi za pwani kuna methali isiyokosekana: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Shekhe huitumia, padri huitumia, na somo naye humnong'oneza biharusi akiwa bado na hina mbichi. Wasikilizaji huelewa kwamba nyumba ina nahodha mmoja, ndiye mume, na mke ni baharia wake. Je, methali inasema hivyo kweli? Kwa kuwa imetoka chomboni, haki yake ni kurudishwa chomboni ikahojiwe huko, si ukumbini penye viti vya kukodi na vipaza sauti.

Tuchukue mume na mke katika mashua ya tanga moja, wameng'oa nanga Lamu mwezi wa Januari wanateremka kusini: watatia Malindi, Kilifi na Mombasa, mwisho Wasini. Kaskazi liko nyuma yao. Safari ya namna hiyo haimpimi mtu. Tanga limejaa, mmoja ameshika usukani, mwingine anaparuza samaki au amelala, na hata nahodha asiyejua kitu huonekana hodari, kama ilivyo kwa baba wa nyumba ambayo mshahara unaingia na watoto hawaumwi. Kazi iko kwenye kurudi. Chombo hakiendi uso kwa uso na upepo. Kikilazimishwa, tanga hupigapiga kama nguo kambani na chombo husimama. Njia iliyopo ni kukata upande huu, kisha kukata upande ule, kidogo kidogo mpaka mfike. Mabaharia huita huko kubisha. Ndilo neno lile lile tunalolitumia kwa mtu anayemkatalia mwenzake maneno. Neno peke yake halithibitishi kitu, lakini aliyezaliwa na lugha hii ana ruhusa ya kulisikiliza.

Tazama kinachofanyika pale mashua inapobadili upande. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Aliye tezi hathubutu kuuacha usukani. Mwenzake ndiye alegeze kamba ya demani, aivute foromali isimame karibu na mlingoti, aizungushe, kisha akaze kamba upande mpya, na yote hayo miguu ikitafuta pa kushika kwenye mbao zilizolowa. Hakuna kati yao awezaye kuzifanya kazi zote mbili. Isitoshe, tanga humziba macho aliyekaa nyuma, kwa hiyo vipwa na miamba huonwa kwanza na aliye omo. Akipiga kelele kwamba mbele pana mwamba, nahodha anayeanza kujiuliza nani mkubwa kati yao atakuwa ameshaupanda. Basi nahodha ni mmoja, sawa, lakini anaongoza kwa macho ya mwingine. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuwa mkubwa wa msafara mzima wa mfalme wake, na bado hakuvuka kwenda Calicut mpaka Malindi ilipompa rubani. Ukubwa wake haukupungua kwa kumfuata ajuaye.

Najua hoja itakayoletwa hapa. Waislamu watataja aya ya 34 ya Surat An-Nisaa, Wakristo watataja sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso, na Waswahili wa dini zote watataja utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao mama mgonjwa alimwachia binti yake kama wasia wa kumtii mume. Sitampindisha Mwana Kupona aseme nisemalo mimi. Ushauri wake uko wazi. Ila majukumu ni kitu kimoja na ujuzi ni kingine. Aya ya An-Nisaa inamtwika mume wajibu na matumizi ya nyumba, na hiyo ni mizigo. Haisemi kwamba kaumbwa na macho mengi zaidi. Aya ya 233 ya Surat Al-Baqara, inapofika kwenye jambo dogo kama kumwachisha mtoto ziwa, inataka wazazi waridhiane na washauriane. Na hao wa Waefeso mara nyingi huanzia mstari wa 22, wakaruka wa 21 unaowataka waumini wanyenyekeane wote. Mtu akiruka mstari mmoja tu siku ya harusi, kuna watakaoishi na pengo hilo miaka arobaini.

Hoja nzito zaidi ni ya dhoruba. Tufani likipiga, baraza halikai. Mmoja aamuru, mwingine atii. Nakubali bila masharti. Lakini hesabu saa za dhoruba katika safari hiyo, kisha hesabu saa za bandarini: kununua maji Malindi, kushona tanga Kilifi, kungoja maji yajae ili mashua ielee. Amri ya tufani ina mwisho, nao ni nanga ikishashika mchanga. Ndoa nyingi haziharibiwi na ubishi. Zinaharibiwa na mwanamume anayeshuka ufukweni na ile sauti ya dhoruba, akaitumia sokoni na mezani. Na sisemi kila ubishi una heri. Chombo kinachogeuzwa kila dakika hakisogei. Lazima upande mmoja uushike kwa muda, uvune mwendo, ndipo ugeuze. Anayekatalia kila neno habishi kwa maana ya mabaharia, ameukabili tu upepo, na tumeshaona tanga linavyokuwa.

Methali basi ibaki, maana inakataza usukani wa mikono minne, na inakataza kwa haki. Haikukataza sauti ya omo. Mashekhe na mapadri watakaoitumia tena wamkumbushe na bwana harusi hilo, mbele ya wakwe zake. Asiyetaka kubisha anaweza kukaa Wasini angoje upepo wa kumrudisha Lamu. Kusi halianzi kabla ya Aprili.