KISIKI BADO KINA TUMAINI

Masomo: Ayubu 14:7-9, Kumbukumbu la Torati 20:19-20, Yeremia 29:4-7



Ayubu alipoteza watoto, mali na afya. Katika uchungu wake aliutazama mti, akaona una tumaini ambalo yeye hakuliona kwake: hata ukikatwa, maji yakiufikia unaanza upya.

Sisi wa Meheba tunaliona neno hili kwa macho. Makazi yetu yalifunguliwa mwaka 1971 katika nchi ya miombo, na miombo mingi ikikatwa huchipuka kutoka kisikini na mizizini. Kwa hiyo hatuhubiri kwamba kukata mti ni dhambi. Tunajua baba anayechoma makala anatafutia watoto chakula. Tunachoomba ni hiki: tusiue kisiki.

Kisiki hufa tukiking'oa. Hufa tukijenga tanuru juu yake, maana moto huunguza mizizi. Na machipukizi machanga huteketea kwa moto wa nyasi wa Septemba na Oktoba, wakati kila kitu kimekauka.

Basi tukate chini, karibu na ardhi, kwa mshazari ili maji yasituame. Machipukizi yakiwa mengi, tubakize mawili au matatu yenye nguvu. Mengine yawe fito na kuni. Tanuru tuliweke mahali palipo wazi. Tuheshimu pia sheria ya Zambia, inayotaka kibali cha kuchoma na kusafirisha makala.

Hata vitani, Mungu aliwakataza Israeli kuangusha miti ya matunda. Je, sisi tulio katika amani tuuangushe msuku unaolisha watoto wetu na wa wenyeji?

Wako wanaosema, "Hapa si kwetu, tutarudi." Wayahudi walioko Babeli nao walitamani kurudi. Lakini Bwana aliwaagiza wapande bustani na kuutafutia amani mji waliohamishiwa, kwa sababu amani yake ilikuwa amani yao. Wenyeji wakikosa kuni, uyoga na viwavi kwa ajili yetu, amani yetu nayo itatoka wapi? Na mama zetu watatembea umbali gani kutafuta kuni?

Wiki hii, kila nyumba ichague visiki vitatu, ifyeke nyasi kuvizunguka na kuvilinda na moto. Bwana atusaidie kuwaachia watakaokuja nyuma yetu msitu, si majivu. Amina.