Wanangu, Fedha ya Halmashauri Ina Wenyewe

Wanangu wa Buswelu, ninyi mnaokaa jirani kabisa na makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, nimesikia mmeunda kikundi. Mwenyekiti mnaye, katiba mnayo, na andiko la mradi mmelinakili kwa wenzenu. Mnasubiri mkopo wa asilimia kumi. Kabla hamjatia sahihi, nisikilizeni.

Wengi wenu mnaiita hela ya serikali, kana kwamba imeshuka kutoka Dodoma. Sivyo. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na isidai riba hata senti. Mapato hayo ya ndani yanatoka kwa mama wa dagaa anayelipa ushuru Mwaloni Kirumba, akapewa risiti ya mashine, akabeba gunia lake. Yanatoka kwa mwenye duka anayekata leseni, na kwa kampuni zinazolipa ushuru wa huduma. Ukila mkopo ule, umemla mama yule.

Sisi wazee tunajua fedha hii inavyopatikana kwa taabu. Tumeishi na kodi ya kichwa, mgambo wakifukuza wanaume alfajiri, hadi ilipofutwa 2003. Tuliona pia serikali za mitaa zenyewe zikivunjwa 1972 na huduma za miji zikizorota, mpaka zikarudishwa mijini 1978 na wilayani 1984. Kwa hiyo halmashauri yenye mfuko wake, inayoweza kumkopesha kijana asiye na hati ya nyumba, kwetu si jambo dogo.

Na mfuko huo unafungika. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuanika mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya. Katikati hapo, waliokuwa wakirejesha vizuri walisubiri pamoja na walaji. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa nawaonya. Msigawane. Fedha ikiingia kwenye akaunti ya kikundi, kila mmoja akachukua fungu lake, mmoja akalipa kodi ya chumba, mwingine akanunua simu, hapo mradi umekufa siku hiyohiyo na deni limebaki kwenu wote. Akija mtu mzima mwenye cheo, akataka kitambulisho chako ili ujaze idadi na yeye achukue mkopo, mkatalie, hata akiwa mjomba wako. Atakayetafutwa ni wewe, si yeye.

Anzeni na kazi mnayoijua. Kama ni vizimba vya samaki, kwanza mkaulize bei ya chakula chake na muda wa kuvuna. Kama ni kukaanga dagaa, uzeni kidogo kwa fedha yenu wenyewe kwanza. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, awape ushauri wa kweli. Kisha mkopo ukitoka, pelekeni marejesho kwa wakati, maana ndiyo atakayokopeshwa kijana wa Sangabuye au Kayenze ambaye sasa hivi anasubiri zamu yake.